Bwana Msa au Karama? Mwandishi wa Uchunguzi na Hukumu Iliyokosewa

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za upelelezi tunajua mambo yanavyokwenda. Kuna maiti, kuna watu watano sita wa kushukiwa, kuna mmoja wao anakamatwa ovyo ovyo, halafu anakuja mjuzi na kiko chake mdomoni, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na kurasa za mwisho tunaambiwa ni nani. Tangu Muhammed Said Abdulla atuletee Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), msomaji wa Kiswahili ameuzoea mkataba huo. Asiye na kosa anasafishika kwa sababu mwenye kosa amepatikana. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja kama sahani na kawa.

Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo, ambayo kwenye riwaya ni matamu, yanakuwa ya hatari pale mwandishi wa habari anapoishika kesi ya kweli ya mtu aliyefungwa kimakosa. Yanadai pia kwamba sisi wanafunzi wa fasihi tuna la kusema hapa, hata kama hatujui sheria. Kwani hukumu ni nini, kama siyo masimulizi ambayo dola imeyakubali kuwa ndiyo ya kweli? Na anayeichunguza upya anafanya nini, kama siyo uhakiki?

Mfano wa pili tunao nyumbani vilevile. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama anashitakiwa na Majivuno, na utetezi wake wote ni kusimulia. Siku baada ya siku analieleza baraza habari za wajumbe waliotumwa na nchi yao, wakarudi na mapendekezo mema, wakalipwa kifungo. Tazama vizuri anachokifanya. Anafungua majalada ya zamani. Hana haja ya kumtafuta mtu mwingine wa kuingia gerezani badala ya wale wajumbe. Anaonyesha tu kwamba sababu za kuwafunga hazisimami, na kwamba waliohukumu hawakusikiliza. Basi tuna mifano miwili: Bwana Msa anayetafuta nani, na Karama anayeuliza je, yale mliyosema yanasimama? Swali letu ni huyu mwandishi wa uchunguzi amfuate yupi.

Kazi yenyewe ikoje

Kwanza tueleze kazi, maana wengi wetu tunaifikiria kama sinema. Mwandishi anayechunguza hukumu hawezi kumwachia mtu huru. Mahakama tu ndiyo inayoweza. Yeye anachoweza ni kusoma mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa, kulinganisha saa zilizotajwa na umbali wa kweli, kuwarudia mashahidi, kuuliza kama kipimo cha maabara kilipima kile kilichodaiwa, na kutafuta ushahidi ambao mahakama haikuonyeshwa. Kisha anauweka hadharani mpaka wenye mamlaka waone aibu kunyamaza. Ni kazi ya miaka, na sehemu kubwa ni karatasi.

Kati ya karatasi hizo, moja inatuhusu sana sisi watu wa fasihi: maelezo ya kukiri kosa. Ni masimulizi yaliyoandikwa kwa nafsi ya kwanza. "Mimi nilikwenda, mimi niliweka." Darasani tulifundishwa mapema kutomchanganya msimulizi na mtunzi. Katika maelezo ya kukiri, tofauti hiyo inaweza kuwa suala la uhai, kwa sababu anayesema "mimi" ni mtuhumiwa, lakini mtunzi anaweza kuwa mtu mwingine aliyekaa ng'ambo ya meza na kalamu.

Birmingham, 1974

Tuchukue kesi ya kweli. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili mjini Birmingham, Uingereza. Watu 21 walikufa na zaidi ya 180 walijeruhiwa. Ilikuwa miaka ya vita vya chinichini vya Jeshi la Jamhuri ya Ireland, IRA, na hasira ya umma ilikuwa kubwa. Wanaume sita Wairishi waishio Birmingham walikamatwa. Watano kati yao walikuwa wamepanda treni jioni ileile kwenda Belfast kumzika mtu waliyemfahamu, mwanachama wa IRA aliyekufa kwa bomu lake mwenyewe. Agosti 1975 wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Ushahidi mkubwa ulikuwa wa aina mbili. Wanne walikuwa wametia saini maelezo ya kukiri. Baadaye walisema walipigwa na kutishwa. Na mtaalamu wa serikali alitumia kipimo kiitwacho cha Griess, akadai kimeonyesha baadhi yao walishika baruti.

Chris Mullin, mwandishi wa habari aliyewahi pia kuandika riwaya, aliishika kesi hiyo katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 kipindi cha televisheni cha World in Action, alichokifanyia kazi, kiliwaomba wanasayansi warudie kile kipimo. Ikaonekana kwamba vitu vingine kabisa vinaweza kutoa jibu lilelile, zikiwemo karata za kuchezea, kwa sababu ya rangi inayong'arishia. Na wale watu ndani ya treni walikuwa wakicheza karata! Mwaka uliofuata Mullin alitoa kitabu, Error of Judgement, akionyesha pia jinsi yale maelezo manne yalivyopingana yenyewe kwa yenyewe kuhusu nani aliweka nini wapi. Mhakiki yeyote angeliona hilo. Visa vinne vya tukio moja, kila kimoja na msuko wake, na vyote vimekubaliwa.

Mahakama ya Rufani iliyakataa mambo hayo Januari 1988. Ilikuwa Machi 14, 1991 ndipo wale sita walipotoka, baada ya miaka zaidi ya 16. Sasa tuangalie ni nini hasa kilichowatoa. Sayansi ya kipimo kile ilikuwa imeporomoka. Na uchunguzi wa karatasi za polisi, kwa mashine inayosoma alama za kalamu zilizobaki kwenye ukurasa wa chini, ulionyesha kwamba baadhi ya kumbukumbu za mahojiano hazikuandikwa wakati polisi waliposema ziliandikwa. Hakuna mtu mwingine aliyesimamishwa kizimbani badala yao. Masimulizi ya dola yaliporomoka kwa uzito wake yenyewe. Karama angefurahi.

Jaji aliyehakiki kwa kuangalia mwisho

Kabla hatujaendelea, kuna jambo la mwaka 1980 ambalo kila mwanafunzi wa uhakiki angelifaa kulijua. Wale sita walikuwa wamefungua kesi ya madai dhidi ya polisi kwa kupigwa. Jaji Denning, mmoja wa majaji mashuhuri wa Uingereza, aliizuia. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa hivi: wakishinda, itamaanisha kwamba polisi walisema uongo chini ya kiapo, kwamba maelezo ya kukiri hayakuwa ya hiari, na kwamba hukumu ilikosewa, na hayo ni mambo ya kutisha mno kiasi kwamba mtu mwenye busara hawezi kuruhusu kesi iendelee.

Jamani! Jaji anayakataa masimulizi kwa sababu mwisho wake haupendezi. Ni sawasawa na msomaji anayefunga kitabu akisema hakiwezi kuwa cha kweli kwa kuwa kinahuzunisha. Lakini tusimcheke haraka. Ugonjwa huo una upande wa pili, nao humpata mwandishi wa habari: kuyakubali masimulizi kwa sababu mwisho wake unapendeza. Hapo ndipo tunapokwenda Marekani, na hapo wenzetu wanafunzi wanaingia.

Chicago, 1999

Mwaka 1982 vijana wawili, msichana na mvulana, walipigwa risasi wakafa katika bustani ya Washington Park, kusini mwa Chicago. Anthony Porter alihukumiwa kifo mwaka uliofuata. Septemba 1998 alikuwa amebakiza kama siku mbili auawe, ndipo mahakama ilipoisimamisha adhabu ili kupima kama akili yake ilitosha kuelewa kinachompata. Katika muda huo uliopatikana, darasa la uandishi wa habari la Chuo Kikuu cha Northwestern, chini ya mwalimu wao David Protess, liliichukua kesi. Wanafunzi walisoma jalada. Walikwenda kwenye bustani yenyewe kutazama kama shahidi angeweza kuona alichodai kukiona. Shahidi mkuu aliyafuta maneno yake.

Mpaka hapo ni kazi ya Karama, tena ya kusifiwa. Kama wangeishia hapo, wangekuwa wameshaonyesha kwamba hukumu ya kifo inategemea uzi mwembamba.

Lakini hawakuishia hapo, na ndipo Bwana Msa akaingia. Alitafutwa "nani". Mpelelezi wa kulipwa aliyefanya kazi na kikundi hicho alimwendea mtu mmoja mjini Milwaukee. Jina la mtu huyo limo katika kumbukumbu za umma, lakini makala haya hayana haja nalo. Alionyeshwa mkanda wa video wa mtu anayejidai alishuhudia mauaji, kumbe ni mwigizaji. Mwishowe alikiri mbele ya kamera, na mkanda wa kukiri ukaonyeshwa kwenye televisheni. Siku mbili baada ya kukiri kwake, Februari 5, 1999, Porter alitoka gerezani, na dunia nzima ikawapigia makofi wanafunzi. Yule mtu alikiri tena mahakamani, akafungwa miaka 37.

Hadithi ilikuwa imekamilika kuliko riwaya. Asiye na kosa yuko nje, mwenye kosa yuko ndani, na vijana ndio waliofanya. Tena ilizaa matunda makubwa. Januari 2000 Gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo katika jimbo la Illinois, akikumbusha kwamba tangu 1977 jimbo hilo lilikuwa limewaua wafungwa 12 na kulazimika kuwaachia 13 waliokuwa wakisubiri kuuawa. Mwaka 2011 adhabu ya kifo ilifutwa kabisa jimboni humo.

Kisha Oktoba 2014 yule mtu wa pili naye aliachiwa, baada ya miaka 15. Mwendesha mashitaka mkuu wa Cook County, Anita Alvarez, alisema ofisi yake haiwezi tena kuitetea hukumu hiyo kwa jinsi ushahidi ulivyopatikana, na alizilaumu vikali mbinu za uchunguzi ule. Protess na yule mpelelezi walikanusha kwamba walifanya kosa. Mwaka 2018 madai ya yule mtu dhidi ya chuo kikuu yalimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Na kwa mauaji ya wale vijana wawili, hakuna aliyebaki gerezani.

Tofauti iko wapi

Mtu atauliza: kwani Mullin naye hakutafuta "nani"? Alitafuta. Alikwenda Ireland, akazungumza na watu waliokuwa kwenye IRA, na baadhi walimweleza sehemu yao katika milipuko ile. Hebu tusiligeuze jambo hili kuwa rahisi, basi. Tofauti ni namna alivyoyatumia maelezo hayo. Aliyachukua kama ushahidi kwamba wale sita hawakuwamo. Hakuwapeleka wenyewe mbele ya umma kama kafara, na alikuwa ameahidi kutunza siri ya majina ya walio hai. Hoja ya kuachiwa kwa sita haikutegemea kufungwa kwa mwingine.

Chicago, hoja mbili zilifungwa kamba moja. Kumtoa Porter kulitegemea kumwingiza mwingine, kwa hiyo ya pili ilipolegea, ya kwanza nayo ikatikisika machoni pa watu. Wapo leo wanaosema Porter ndiye aliyeua, na wapo wanaosema siye, na wote wanabishana juu ya video. Ile kazi nzuri ya bustanini imefunikwa. Hapo naona hasara kubwa ya kimaadili na ya kifani kwa pamoja. Mwandishi aliyepewa shaka ya kweli akaibadilisha kwa jibu la mashaka.

Tena kuna kejeli inayouma zaidi. Kosa ambalo waandishi hawa wanalifichua kwa polisi kila siku ni lipi? Ni kumshinikiza mtu mpaka aseme "mimi". Mpelelezi anayetumia shahidi wa uongo ili apate maelezo ya kukiri ameandika kwa kalamu ileile ya polisi wa Birmingham, hata kama nia yake ni kumwokoa mtu na kitanzi. Nia njema haibadilishi utunzi wa matini.

Wengine watajibu kwamba hata hivyo Illinois ilifuta adhabu ya kifo, na hilo ni jema kubwa. Ni jema, na idadi ile ya 13 kwa 12 ilitosha kulidai hata bila video. Lakini miaka 15 ya mtu haiwekwi kwenye mizani kama gharama ya kampeni. Shaaban Robert angetukumbusha kwamba wajumbe wa Kusadikika nao walifungwa kwa kile kilichoitwa faida ya nchi.

Wafiwa

Sasa tufike kwenye upande mgumu wa hoja yangu mwenyewe. Njia ya Karama ina bei yake, na wanaoilipa ni wafiwa. Birmingham, familia za wale 21 waliambiwa mwaka 1975 kwamba waliowaua ndugu zao wamepatikana. Mwaka 1991 wakaambiwa siyo hao. Hadi leo hakuna mwingine aliyetiwa hatiani. Mwaka 2019 baraza la uchunguzi wa vifo lilithibitisha kwamba waliuawa kinyume cha sheria na IRA, lakini hilo si sawa na kumwona mtu kizimbani.

Ndiyo maana baadhi ya ndugu wa marehemu walimkasirikia Mullin. Wao wanaona mtu anayejua jina na hasemi. Polisi wa West Midlands walikwenda mahakamani kutaka akabidhi kumbukumbu zake, na Machi 2022 jaji jijini London alikataa, akilinda haki ya mwandishi kutunza siri ya chanzo chake. Bila ahadi ile, Mullin asingeambiwa chochote, na pengine wale sita wangeendelea kukaa ndani. Pamoja na ahadi ile, familia za wale 21 zinaishi bila jibu. Sioni namna ya kuzifanya haki hizi mbili zikae kwenye kiti kimoja. Anayeandika kesi za namna hii awe tayari kuliandika hilo pia, waziwazi, wala asiwafanye wafiwa kuwa wahusika wadogo wanaolia pembeni wakati shujaa anatoka gerezani.

Lugha tunayoandikia

Kuna jambo moja ambalo linatuhusu moja kwa moja: maneno. Kwa mazoea tunaandika "imebainika hana hatia", "muuaji halisi ajulikana". Lakini mahakama ya rufani mara nyingi haisemi hivyo. Inasema hukumu haiwezi kusimama. Kati ya "hukumu haisimami" na "hakufanya" pana nafasi, na kati ya "hakufanya" na "aliyefanya ni fulani" pana bahari. Mwandishi mwaminifu anajua amesimama wapi kati ya sentensi hizo tatu, na haruki kutoka ya kwanza hadi ya tatu kwa sababu tu kichwa cha habari kitauza gazeti.

Hata filamu iliyoigizwa kutokana na kazi ya Mullin, ile ya mwaka 1990 ambamo John Hurt anamwigiza yeye, kichwa chake cha Kiingereza kinauliza nani alilipua Birmingham. Unaona? Kiu ya Bwana Msa haikatiki hata pale ambapo swali lenyewe lilikuwa jingine: hawa sita wamefungwa kwa nini?

Tuhitimishe. Hakuna anayesema tuache kusoma riwaya za upelelezi. Mimi mwenyewe bado naziazima. Bwana Msa ni mzuri kwa sababu mtunzi wake anajua muuaji ni nani kabla hajaandika ukurasa wa kwanza. Mwandishi wa uchunguzi hajui, na watu wake wana damu. Kwa wale wenzetu wa idara hii wanaokwenda kufanya kazi magazetini, na ni wengi, ningependekeza maswali matatu ya kubandika ukutani. Je, hoja yangu ingesimama hata kama sina mtu wa kumtaja? Je, maneno ya shahidi wangu niliyapata kwa njia ambayo ningeilaumu kama polisi ndio wangeitumia? Je, wafiwa wakisoma, watakuta nimewaambia ninachokijua au ninachokitamani?

Wahadhiri wetu na wasomaji wengine wanakaribishwa kupinga, hasa kuhusu lile la siri ya chanzo, ambalo kwa maoni yangu halijapata jibu. Safu hii ipo kwa ajili hiyo.